Kutoka simu hadi lekta ya papa: kukata video ya sherehe na kuichoma kwenye DVD

Mvua zikiisha Lubumbashi, ndoa zinaanza kufuatana, na mimi naanza kupokea maswali yaleyale. "Yaya, juu ya nini DVD inacheza muzuri ku ordinatere, ku lekta ya papa inakatala?" "Ndoa ya masaa tano itaingia ku diski moja?" "Programu gani haiombi makuta?" Na lile ambalo kwa kawaida hufika usiku wa manane: sauti na midomo haviendi pamoja, nifanye nini? Nimeyakusanya majibu hapa kwa mfuatano wa kazi yenyewe, tangu siku ya kupiga picha mpaka diski iingie kwenye lekta, yaani mashine ya kuchezea DVD.

Ninaongea na wewe unayefanya kwa kupenda. Una simu au kamera ndogo, una laptopu ya kawaida, na nyumbani wameshaamua kwamba "yule anajua mambo ya video". Anayelipwa kwa kazi hii, mwenye kamera tatu na watu wa taa, mengi ya hapa anayajua.

Kabla ya yote: itachezwa wapi?

Hili ndilo swali ambalo wanaoanza hawalijibu, na karibu matatizo yote ya mwisho yanatoka hapo. Usifungue programu yoyote kabla hujajua mashine ambayo video itaishia. Piga simu Katuba, Likasi au kokote diski inakokwenda, uliza: lekta ni ya zamani kiasi gani? Televisheni ni bapa au ya chogo? Ina tundu la USB? Nani atakayeiwasha?

Kama televisheni ni bapa, inasoma USB, na kuna kijana wa kuishika rimoti, usichome diski (yaani usiandike video juu ya DVD). Fuata hatua ya 1 hadi ya 8, weka faili ya MP4 kwenye kle (flashi ya USB), umemaliza. Ila angalia: tundu la USB la lekta ya DVD si sawa na la televisheni. Lekta nyingi zinasoma faili za aina ya AVI za DivX tu, na MP4 yako zitaipita kama haipo.

Diski bado ina kazi yake hapa kwetu. Kutuma GB 4 kwa intaneti kunakula mega za mwezi mzima. Kle huazimwa, hufutwa, hurudi na nyimbo za mtu mwingine. Mama anayejua kuingiza diski na kubonyeza kitufe kimoja hahitaji mjukuu wa kumsaidia. Basi ikiwa jibu ni lekta ya zamani, kila uamuzi kuanzia sasa unafanywa kwa ajili ya lekta hiyo, hata ukiona kwenye laptopu yako kwamba mambo yangeweza kuwa mazuri zaidi.

Vitu vya kuwa navyo

Laptopu yenye RAM ya GB 8. Kwa GB 4 inawezekana, ila utangoja sana. Nafasi tupu isipungue GB 60, kwa sababu saa moja ya video ya simu katika ubora wa 1080p inakula karibu GB 7 au 8, na utakuwa na nakala za kati, faili kuu (video iliyokwisha kukatwa) na diski yenyewe kwa pamoja.

Kichomeo cha DVD. Laptopu za siku hizi hazina, kwa hiyo tafuta cha nje cha USB. Kichomekee moja kwa moja kwenye laptopu, kisipitie kigawanyishi cha USB. Kama kina waya wa vichwa viwili, tumia vyote viwili, maana kichomeo kinachokosa nguvu kinakufa katikati ya kazi.

Diski za DVD-R za GB 4.7, pamoja na DVD-RW moja, ile inayofutika, ya kujaribia. Zile zisizo na jina lolote zinazouzwa kwa rundo, mimi sizigusi kwa kitu ambacho familia itataka kukiona baada ya miaka kumi.

Programu, zote bila kulipa: Kdenlive au Shotcut kwa kukata, HandBrake kwa kusawazisha, Audacity kwa sauti, DVDStyler kwa kutengeneza menyu na diski, ImgBurn kwa kuchoma kwenye Windows (kwenye Linux kuna K3b), na VLC kwa kujaribu. Zipakue siku ukipata wifi ya mtu, kutoka tovuti zao zenyewe. ImgBurn huweza kuja imefungwa pamoja na takataka nyingine, hivyo soma kila dirisha kabla ya kubonyeza "endelea". DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure na ni nzuri sana, lakini inadai kadi ya picha yenye nguvu ambayo laptopu nyingi hazina.

Mwisho, visikilizi vya masikioni. Spika za laptopu zinaficha mabaya yote ya sauti.

Namba za kukumbuka

PAL na NTSC ni mifumo miwili ya picha za televisheni. DVD ya PAL ina picha ya 720 kwa 576, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde. NTSC ni 720 kwa 480, fremu 29.97. Video ndani ya diski hubanwa kwa mtindo wa MPEG-2, na kikomo chake ni megabiti 9.8 kwa sekunde. Kongo tufanye PAL. Umeme wetu ni wa 50 Hz na taa za ukumbi zinakwenda nao, kwa hiyo fremu 25 zinaelewana nazo.

Diski ya GB 4.7 itaonekana kwenye Windows kama 4.37. Hujaibiwa: kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Kujua ubora utakaopata, gawa 600 kwa dakika za video. Dakika 120 zinakupa megabiti 5 kwa sekunde, dakika 90 zinakupa 6 na nusu hivi. Dakika 60 zingekupa 10, lakini usipite 8, maana lekta kongwe hukwama. Ndoa ya saa tano? Gawa mwenyewe uone: ni megabiti 2, na watu kwenye giza la ukumbi watageuka vigae. Dakika 90 ndiyo urefu ninaoupenda. Ukizidi 130, fanya diski mbili. Diski za tabaka mbili za GB 8.5 zipo, lakini ni ghali, na lekta za zamani nyingi zinasita pale tabaka linapobadilika.

Kazi yenyewe

1. Piga picha ukikumbuka televisheni. Simu ilale, isisimame. Video iliyosimama itakuwa na giza kushoto na kulia, na nyuso zitakuwa ndogo mno kwa mzee mwenye miwani. Chagua 1080p, si 4K, kwa sababu DVD itaitupa ile ziada yote na wewe utabaki na kumbukumbu iliyojaa kabla ya keki. Kama simu inakuruhusu kuchagua fremu 25, chagua. Kama inatoa 30 tu, endelea nayo. Ukiona mistari inayopanda na kushuka chini ya taa za ukumbi, ingia kwenye mpangilio wa mkono wa kamera, weka kasi ya shata 1/50 au 1/100.

Shikilia kila picha angalau sekunde kumi bila kuhama. Anayeanza huzungusha simu kama anayemwagilia bustani, na nyumbani hakuna pa kukata.

2. Kusanya mafaili bila kuyapunguza. Dada, binamu na rafiki wa bwana harusi wote walipiga. Usikubali wakutumie kwa WhatsApp kama video, kwa sababu WhatsApp inazibana mpaka zinaharibika. Watume kama dokimenti (kikomo ni GB 2 kwa faili moja), au bora zaidi, wakuletee simu na waya. Ukipokea, tazama ukubwa wa faili: dakika tatu zenye MB 15 ni zile zilizobanwa. Rudisha, omba tena.

3. Weka kila kitu katika folda moja. Ndani yake tengeneza folda ndogo: asili, zilizosawazishwa, sauti, mradi, mwisho. Kdenlive na Shotcut hazimezi video, zinakumbuka tu mahali zilipo. Ukihamisha folda katikati ya kazi, programu itakuonyesha mapengo mekundu na wewe utadhani umepoteza ndoa ya mtu. Folda ya asili inakiliwe pia kwenye hard disk ya nje, kisha usiiguse tena.

4. Sawazisha fremu. Hatua hii watu wanairuka, halafu wananiandikia usiku wa manane. Simu haipigi fremu 30 kamili: giza likiongezeka inapunguza, mwanga ukirudi inaongeza. Programu ya kukata inadhani kasi ni moja, na baada ya dakika ishirini mdomo wa pasta umeshafunga huku neno ndiyo kwanza linatoka.

Fungua kila faili katika HandBrake. Upande wa video chagua H.264, kasi ya fremu 25, na hakikisha umeweka kasi isiyobadilika. Ubora weka RF 18. Upande wa sauti chagua 48 kHz. Weka mafaili yote kwenye foleni, acha laptopu ifanye kazi usiku ikiwa umeme upo. Kutoka 30 kwenda 25 kunafanya mwendo uruke kidogo, hasa kamera inapopita haraka. Mzee hataona. Wewe utaona, vumilia.

5. Fungua mradi. Katika Kdenlive chagua mpangilio wa HD 1080p, fremu 25. Usichague wa DVD sasa. Unakata katika ubora mkubwa, diski itapunguziwa mwishoni, na faili kuu itabaki kwa ajili ya wenye televisheni nzuri. Laptopu ikiwa dhaifu, washa nakala nyepesi za video katika mipangilio ya mradi: programu itakuonyesha picha ndogo wakati wa kukata, kisha itatumia zile za asili wakati wa kutoa video iliyokamilika (render). Washa pia uhifadhi wa moja kwa moja, na bado uzoee Ctrl+S. Umeme ukikatika na betri imechoka, Ctrl+S ndiyo ndugu yako.

6. Kata. Weka vipande kwenye mstari wa muda kwa mpangilio wa siku: komini (ndoa ya serikali), kanisani, matembezi ya msafara, ukumbini, ngoma. Kwenye Kdenlive, Shift+R inakata pale kishale kilipo. Kwenye Shotcut ni herufi S. Kwanza toa yaliyo mabaya wazi, yaani miguu, dari, giza, kidole. Hapo peke yake saa tano zinaweza kuwa tatu. Kisha rudi mwanzo na uwe mkali zaidi.

Watu wengi wanaoanza hukata mahali pasipofaa. Wanaacha dakika kumi na tano za magari yakipita mzunguko, kwa sababu yamepambwa, halafu wanafupisha zawadi kwa sababu "zinachosha". Familia inafanya kinyume. Shangazi atanunua mikate, ataita jirani, atakaa, na atangoja aone kundi lake likiingia na vitenge na sufuria. Asipojiona, hiyo video kwake ni mbovu hata ikiwa na rangi za sinema. Kwa hiyo katika zawadi kata kutembea, kata kungojana, lakini uso wa kila kundi ubaki. Hotuba ya mjomba usiikate katikati. Ikiwa ndefu sana, iweke nzima mwishoni mwa diski kama sehemu ya pekee, na katika mfululizo mkuu acha mwanzo wake na baraka zake. Magari? Sekunde arobaini zinatosha.

Kuhusu mapambo ya kupita toka picha moja hadi nyingine: mioyo inayozunguka, nyota, kurasa zinazogeuka, achana nazo. Kata kavu ndiyo inayodumu. Picha kufifia polepole tumia tu unapobadili mahali au wakati. Mwendo wa taratibu uweke mara moja, pengine kwenye pete, na picha iwe na mwanga, vinginevyo itatikisika.

Kilio ni jambo jingine. Ukiombwa video ya maziko, uliza familia kwanza ni sehemu gani wanataka zibaki, na usiongeze muziki ambao hawakuuomba.

7. Sauti. Weka visikilizi. Angalia kipimo cha sauti: kilele kiwe karibu na -6, kisiguse sifuri hata kidogo. Kwaya ikianza kuimba baada ya sala ya chini chini, kipande cha kwaya kipunguze, cha sala kiongeze, mpaka anayetazama asishike rimoti kila dakika. Sauti iliyopasuka tangu kwenye simu hairudi. Tafuta kama mtu mwingine alipiga kutoka nyuma ya kanisa, chukua sauti yake, uiweke chini ya picha yako.

Kelele ya jenereta inapunguzika kwa Audacity: chagua sekunde mbili ambazo kuna jenereta peke yake, ipe programu kama mfano wa kelele, kisha chagua sauti nzima na uondoe dB 6 hadi 12. Ukipita hapo watu wanaanza kuongea kama wako ndani ya pipa.

Maandishi nayo yaingie hapa. Herufi nene, nyeupe zenye kivuli. Nyekundu kali kwenye televisheni ya chogo inavuja pembeni, na mistari myembamba ya kulala inacheza-cheza. Acha asilimia 10 kila upande bila herufi, kwa sababu televisheni za zamani zinameza kingo. Na majina yahakikishe na familia yenyewe: Mwamba, Ilunga au Kasongo likikosewa herufi moja, litakosewa kwa miaka yote diski itakayoishi.

8. Toa faili kuu (render). Chagua MP4 ya H.264 kwa ubora mkubwa. Itazame yote, mwanzo hadi mwisho, bila kurukaruka. Andika kwenye karatasi dakika yenye kasoro, rudi, rekebisha, toa tena. Faili hii ndiyo utakayoitunza. Diski ni nakala tu.

9. Tengeneza diski katika DVDStyler. Ukianzisha mradi mpya itakuuliza mambo machache: ukubwa wa diski (4.7), ubora (acha ijichagulie), aina (PAL), umbo (16:9), sauti (AC3). Umbo ukikosea hapa, bibi harusi atanenepa au atakonda kwenye televisheni, kwa hiyo tazama mara mbili. Buruta faili kuu uiweke chini. Mstari wa chini wa dirisha unakuonyesha diski imejaa kiasi gani.

Kisha sura. Weka alama ya sura mwanzo wa kila sehemu, ili rimoti iruke kutoka komini hadi kanisani kwa mguso mmoja. DVD inaruhusu hadi sura 99. Sita au saba zinatosha.

Menyu iwe ukurasa mmoja: "Cheza yote", na chini yake sehemu. Vitufe viwe vikubwa na vipangwe wima, ili mishale ya rimoti isipotee. Picha ya nyuma iwe tulivu. Bomba la moshi na mlima wa taka ya shaba vinapendeza, lakini kila menyu ya mji huu imeshavitumia, weka wanandoa. Mwisho wa video, amuru irudi kwenye menyu, la sivyo lekta nyingine itabaki na giza na watu watadhani imekufa.

Eneo (region, sehemu ya dunia ambako diski inaruhusiwa kucheza) usilifunge. Afrika yetu ni eneo la 5, Ubelgiji ni la 2, na diski isiyofungwa inacheza kote. Ila ndugu wa Marekani ana tatizo tofauti: lekta nyingi za kule hazisomi PAL. Huyo mtengenezee diski ya NTSC, au mtumie faili kuu.

10. Usichome bado. Mwambie DVDStyler itoe taswira ya diski, faili ya ISO. Ifungue kwa VLC. Bonyeza kila kitufe cha menyu, ruka kila sura, tazama dakika tano za mwisho. Ikikubali, choma kwanza kwenye DVD-RW na uipeleke kwenye lekta ya kweli. Baadhi ya lekta za zamani zinazikataa DVD-RW zenyewe. Hapo azima lekta nyingine ya umri uleule.

11. Choma. Chaji betri ijae, hata kama umeme upo. DVD-R iliyokatwa katikati haiponi. Funga programu nyingine zote. Katika ImgBurn chagua kuandika taswira kwenye diski, ingiza ISO, weka kasi ya 4x, na tia alama kwenye kisanduku cha kuhakiki. Kwa 4x diski iliyojaa inachukua karibu dakika 15, na kuhakiki kunaongeza dakika nyingine. Kasi ya 16x inakuokolea dakika chache na kukuletea simu ya malalamiko.

12. Andika juu yake kwa kalamu ya wino yenye ncha laini. Biki inakwaruza. Karatasi ya gundi inaifanya diski iyumbe ikizunguka, na joto la Oktoba linaibandua ndani ya lekta. Shika diski kingoni, iweke katika kasha. Vumbi letu jekundu ni msasa: usiipanguse kwa mduara, futa kutoka katikati kwenda nje kwa kitambaa laini.

Ikigoma

*Lekta inasema hakuna diski.* Kwanza uliza: ulichoma ISO, au uliburuta MP4 ukaiweka kwenye diski kama data? Hiyo ya pili ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Fungua diski kwenye laptopu. Lazima uone folda iitwayo VIDEO_TS yenye mafaili ya IFO, BUP na VOB. Kama zipo, choma tena kwa kasi ndogo, kwa diski ya kampuni nyingine, na hakikisha diski imefungwa rasmi mwishoni (finalize). Ulitumia DVD+R? Jaribu DVD-R.

*Inaanza vizuri, inakwama kuelekea mwisho.* DVD huandikwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ukingo ndiko diski za bei ya chini zinakooza. Angalia alama za vidole. Kama inakwama kwenye ngoma na mahali pengine pa mwendo mwingi, punguza ubora hadi megabiti 6 utengeneze upya. Kuacha ukingo wa mwisho bila kujazwa kunasaidia: usilenge GB 4.37, ishia 4.2.

*Picha nyeusi na nyeupe, au inapanda juu bila kutulia.* Diski ni NTSC na televisheni inangoja PAL, au kinyume chake. Tazama mpangilio wa lekta kabla ya kulaumu diski. Mara nyingi mtoto alibonyeza rimoti.

*Watu wamekonda.* Lekta imewekwa kwa televisheni ya 4:3 au 16:9 isivyo. Ingia kwenye mipangilio yake. Ikiwa ni lekta zote mbili ulizojaribu, basi kosa liko hatua ya 9.

*Picha ipo, sauti hakuna.* Sauti haikugeuzwa kuwa AC3 ya 48 kHz.

*Sauti inachelewa zaidi kadiri video inavyoendelea.* Hatua ya 4. Ikiwa inachelewa kwa kiasi kilekile toka mwanzo hadi mwisho, hilo ni jepesi: sogeza sauti katika Kdenlive.

*Mistari kama meno ya kitana kwenye mikono inayotembea.* Kamera ilipiga kwa nusu-fremu zinazopishana. Katika HandBrake washa kichujio cha kuziunganisha, na usikiwashe kwa video za simu, hazina tatizo hilo.

*Faili kuu haikubali kunakiliwa kwenye kle, ingawa nafasi ipo.* Kle imepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja inayofika GB 4. Ipange upya kwa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo. Kumbuka kuwa televisheni nyingine haisomi exFAT, na hapo itabidi ukate faili vipande viwili.

*DVDStyler inasimama katikati na kusema imeshindwa.* Nafasi imeisha kwenye folda yake ya muda, au jina la faili lina alama za ajabu. Ihamishie folda ya muda kwenye hard disk yenye GB 15 tupu, na majina yaandike kwa herufi za kawaida bila nafasi.

*Kanda ya zamani ya VHS inaingia kwenye kompyuta bila rangi.* Kanda za wazee wetu zinaweza kuwa PAL au SECAM, na kifaa cha kunasa kimewekwa kwa mfumo mwingine. Badili mfumo kwenye programu ya kunasa, jaribu moja baada ya nyingine. Rangi ikirudi, nasa kanda nzima kwa mara moja bila kuisimamisha, kwa sababu utepe wa umri huo haupendi kurudishwa nyuma mara nyingi. Kisha anzia hatua ya 3.